Tundu la Wasio na Haraka

Juzi mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mtaani kwetu na mkokoteni wake, akigonga kipande cha nondo kwenye rimu ya gari, nami nikatangaza kwamba ile kompyuta iliyokaa miaka yote chini ya kitanda cha mama lazima iondoke. Mama alinitazama tu. Anajua mimi na lazima zangu. Niliwahi kusema lazima nihamie mjini nikapange chumba, na bado nalala chumba kile kile chenye alama za kalamu ukutani zinazoonyesha nilivyokuwa nikirefuka. Alama zilikoma siku niliyoacha kurefuka. Kulala hapo sijaacha.

Nililivuta boksi la kompyuta hadi barazani, nikafungua ubavu wake ili nione kama panya hawajazaa humo. Ikanipanda harufu ya vumbi lililowahi kuungua, lile vumbi la mitambo inayopata moto, na ndani yake harufu nyingine nyepesi ya pamba. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

"Dada, tunapima au unaiaga?" yule wa mkokoteni akauliza.

"Pitia baadaye."

"Wote mnasema hivyo," akasema, akaondoka na nondo yake.

Kilichonikalisha chini kilikuwa kadi ndogo ya kijani, ndefu kama kiganja, iliyochomekwa pembeni ya vitu vingine vyote. Hata sasa ilionekana mpya kuliko boksi lililoibeba. Upande mmoja ilikuwa na matundu manne ya USB, yakichungulia nyuma kupitia kibati kilichofungwa kwa skrubu isiyofanana na nyenzake. Kadi hiyo ndiyo iliyomkosesha mama yangu mume. Niiseme vizuri: kadi haikuwa na kosa. Mkono uliokosea ulikuwa wangu, nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa najiona mtoto mwenye akili sana.

Kompyuta ilikuja na baba. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kilipopata mashine mpya za ofisini, hiyo ya zamani walimpa yeye. Alisafiri nayo kutoka Kahama hadi kwetu Ushirombo akiwa ameipakata kwa blanketi, na mama husema kondakta alimuuliza mtoto ana homa tangu lini. Baba aliitumia kuchapa maneno ya nyimbo za kwaya ya parokia na kukusanya muziki wa kila aina: kwaya, ngoma za Kisukuma, rumba za zamani, hata taarabu, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukiri kusikiliza taarabu. Kisha akaugua, tena kwa muda mfupi, na tukabaki watatu: mama, mimi na kompyuta.

Mama hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtu wa karanga na alizeti. Lakini barabara ya kwenda machimboni inapita mbele ya nyumba yetu, na wachimbaji walikuwa na redio ndogo za kuchomeka flashi, wakitaka muziki wa kuwafuta usingizi huko kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Kwa hiyo mama alijifunza mambo matatu, kuwasha, kunakili na kuzima, akaiweka kompyuta barazani karibu na dirisha, akaweka benchi nje, akawa mama wa nyimbo. Jumapili baada ya misa walikuja wakiwa wameoga, kucha bado na udongo, kila mmoja na flashi yake shingoni kwenye uzi wa kiatu.

Tatizo lilikuwa kasi. Kompyuta ile ilitengenezwa wakati flashi hazijawa na haraka, na matundu yake mawili ya nyuma yalipitisha nyimbo kama mtu anayehamisha kisima kwa kijiko cha chai. Kujaza flashi ya gigi nne kulichukua saa nzima na dakika zake. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya karatasi ndogo zikiruka kutoka bahasha moja kwenda nyingine, moja moja, kama ng'ombe wanaovuka lami wakijua dereva atasubiri. Na kila flashi ilipochomekwa, kibofu cha njano kilichomoza kwenye kona ya chini ya kioo na maneno ya Kiingereza. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Kilisema, kwa kadiri ya Kiingereza changu, kwamba kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi kikichomekwa kwenye tundu la kasi.

Sasa, ripoti yangu ya shule iliandikwa hivyo hivyo kila muhula. Anaweza kufanya vizuri zaidi akiongeza bidii. Kwa hiyo mimi nilikielewa kile kibofu kuwa ni maoni ya mwalimu. Niliamini kompyuta inatutangazia wateja wote, tena kwa Kiingereza, kwamba familia yetu ni wavivu. Nilikichukia kwa dhati. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo ili watu benchini wasikisome, ingawa nusu yao hawakuwa na habari nacho, na nusu nyingine walikuwa wanakula michembe.

Michembe ilikuwa desturi. Huwezi kumkalisha mtu saa nzima mbele ya nyumba yako bila kumpa kitu, kwa hiyo mama alichemsha michembe na karanga, akaweka sahani katikati ya benchi, na watu wakatafuna viazi vikavu na kusimuliana. Hapo ndipo nilipojifunza yote niliyojua kuhusu dunia nikiwa mdogo, na mengi yalikuwa uongo.

Aliyekaa kuliko wote alikuwa Anko Shija. Mwanaume mrefu aliyepinda kidogo mabegani kwa kuinama duarani, kidole cha shahada hakina kucha, mwenye kuongea taratibu kama anayechagua maneno kwenye chekeche. Alikuwa ametoka Maganzo, ambako alichekecha changarawe miaka mingi akitafuta almasi, akapata mbili ndogo na mgongo mbovu, akahamia dhahabu. Kila Jumapili alikuja na mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Nimeleta flashi."

"Ile ile?"

"Ile ile. Futa zote, weka nyingine."

"Zile za wiki iliyopita zimekuchosha?"

"Nimezimaliza."

Nilimwona mlafi. Nilijiuliza mtu anamalizaje nyimbo mia tisa kwa wiki huku anachimba. Rafiki yake Kulwa, mropokaji wa kambi yao, alimuuliza siku moja mbele ya watu, "Shija, hizo nyimbo unazisikilizia wapi? Kwenye kofia? Maana redio huna."

Benchi zima likacheka. Mama aliinamia kibodi kama aliyedondosha sindano. Shija akachukua mchembe, akautafuna hadi ukaisha, akasema, "Ninazitunza."

Mimi nilimhurumia kweli. Niliingia ndani nikatoka na redio yetu, nikampa, nikamwambia anko, azima hii. Kulwa alicheka hadi akashuka kwenye benchi. Sikuelewa kinachochekesha, na mama alinituma dukani kununua chumvi ilhali chumvi ilikuwepo.

Lililokuwa likiendelea pale, leo hata kipofu angeliona. Mama alikuwa mjane kijana. Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Regina, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, mwanamke mwema mwenye macho yanayofika mbali, ambaye alichambua mchele wake akiwa ameelekea kwetu. Mwanaume hawezi tu kuja kukaa mbele ya nyumba ya mjane. Atakaa mara moja, na Jumatano kwenye sala ya jumuiya mjane ataulizwa, kwa upendo, kama ana jambo la kuwashirikisha wenzake. Lakini mwanaume anayesubiri flashi ana shughuli. Amekaa mchana kweupe, benchini, barabarani, mkononi ana mchembe. Hakuna wa kumuuliza. Ule uzembe wa kompyuta ulikuwa ndio heshima yao wawili, na alichokuwa akitafuta Shija kila Jumapili ilikuwa saa ile moja na dakika zake.

Halafu stendi akatokea kijana na laptopu. Akabandika karatasi: FLASHI INAJAA DAKIKA KUMI. Benchi letu likaanza kuwa na nafasi. Wachimbaji walipita, wakatusalimia kwa aibu, wakaenda mbele. Mama alitandaza michembe ile ile, jioni tukaila wenyewe. Jumapili moja alibaki Shija peke yake, na kwa kuwa alibaki peke yake, hata shughuli yake ikaanza kuonekana si shughuli. Mama Regina alivuta kigoda chake akasogea mbele kidogo.

"Wamehamia kwa yule wa stendi," mama alisema, akitazama karatasi zinavyoruka kwenye kioo. "Na siwalaumu. Nani ana saa nzima siku hizi."

Shija alichukua flashi yake, akaaga. Wiki mbili hatukumwona. Aliporudi alikuwa ametoka Mwanza, na ndani ya shati lililokunjwa mara nne alikuwa na mfuko wa kijivu unaong'aa. Nilijua ni almasi. Nilijua hivyo kwa uhakika wote wa darasa la tatu.

"Nimeleta matundu," akasema.

"Oneni wenzangu," akasema Kulwa, aliyekuwa amefuatana naye. "Wanaume wanaleta vitenge. Mchimbaji analeta mashimo."

Siku ile ya kuifungua kompyuta naikumbuka kuliko kipaimara changu. Mama alitandika kitenge kizuri sakafuni, na mimi nikajua ni kwa ajili ya nyimbo za baba, kwamba tukifungua zitamwagika kama mtama na itabidi tuzikusanye. Nilikaa pembeni, viganja vimekutana, tayari kudaka.

"Ukiifungua, itawaka tena?" mama aliuliza.

"Itawaka."

"Hiyo ni ya marehemu Baba Kabula."

"Najua. Ndiyo maana nimenawa mikono."

Alikuwa amenawa kweli, hadi kwenye viwiko. Alifungua skrubu mbili, akavuta ubavu, na ndani hakukuwa na nyimbo. Kulikuwa na pamba. Nyuzi za pamba za kiwandani, za kijivu, zimejikunja kwenye kila kona kama ndege amejenga humo, miaka yote ya ofisi ya baba imekaa inasubiri. Shija akaomba unyoya wa kuku. Akaanza kuifagia taratibu, kipande kwa kipande, na mama akaiokota ile pamba yote kutoka kwenye kitenge, akaijaza kwenye kikombe, akaenda kukiweka kabatini bila kumweleza mtu. Shija alisubiri arudi ndipo aendelee. Sikuwahi kuona mtu mzima akimsubiri mwenzake namna ile, bila hata kukohoa.

Kisha akang'oa kibati cha nyuma, akaitoa kadi kwenye ule mfuko unaong'aa, akaipanga juu ya mfereji mweupe wa kuchomekea, akaikandamiza. Tukawasha. Kompyuta ikatoa mlio mmoja mrefu, kioo kikabaki cheusi. Mama akaweka mkono mdomoni. Nikadhani tumemuua baba mara ya pili, nikaanza kulia kwa sauti ambayo Mama Regina aliivukia barabara kuja kuuliza kuna msiba gani.

"Haijakaa," Shija alisema. Akazima, akaing'oa, akaipuliza meno yake ya shaba, akairudisha, safari hii akaikandamiza kwa vidole gumba viwili hadi ikalia tak. Tukawasha tena. Ikawaka. Akaingiza sidii iliyokuja na kadi, akabonyeza ndiyo mahali popote palipouliza, na baada ya muda akachomeka flashi yake. Karatasi kwenye kioo hazikuruka tena kama ng'ombe. Zilipita kama basi la asubuhi. Dakika kumi, flashi imejaa, na kibofu cha njano hakikutokea. Nilijisikia kama familia yetu imepandishwa darasa.

Wakati anakaza kibati cha kadi, mama aliuliza, "Na yale mawili ya zamani? Utayaziba?"

"Nayaacha."

"Yatafanya kazi gani?"

Shija alikuwa ana skrubu mkononi. Ya asili ilikuwa imepotea, hii ameitoa mfukoni mwake. "Ya wasio na haraka," akasema, akaendelea kukaza.

Nilidhani wanaongelea printa.

Wateja walirudi, tena walirudi wengi, maana kwetu walipata kasi na michembe pia. Ila hawakukaa tena. Walichomekewa, wakachomolewa, wakaondoka wanatafuna. Kuna saa benchi lilikuwa tupu kabisa na kazi imeisha. Niliona ni ushindi.

Jumapili iliyofuata mama aliamka mapema akachinja jogoo. Haikuwa sikukuu. Akatoa mchele wa Kagongwa uliokuwa unatunzwa kwa ajili ya wageni wa heshima, akasuka nywele zake mwenyewe, na baada ya misa akaniambia niende mazoezi ya kwaya ya watoto parokiani.

"Tumbo linauma," nikasema.

"Jana lilikuwa zima."

"Limeanza leo."

Halikuuma. Sikupenda tu kutoka. Wenzangu walicheza, walizurura, walienda mtoni, mimi nilikuwa mtoto wa barazani, na ndivyo nilivyobaki, kwa hiyo watu wanaoniuliza kwa nini siendi popote wajue huu ugonjwa ni wa zamani. Mama alinitazama kwa muda, akahema, akasema basi kaa, lakini usiguse kitu.

Shija alikuja na shati lililopigwa pasi, mistari ya pasi bado imesimama mikononi. Alisalimia, akatoa flashi. Mama aliipokea mwenyewe, akazunguka nyuma ya kompyuta, akainama, akachomeka, akaanzisha kunakili. Akasema, "Ngoja kidogo," akaingia jikoni uani, alikoacha jogoo kwenye moto na wali bado haujateremshwa.

Na kwenye kona ya kioo, kibofu cha njano kikachomoza.

Nilishtuka. Kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi. Nikazunguka nyuma nikaona: mama amechomeka kwenye tundu la zamani. Masikini mama, nikawaza, na umri huu. Nikakumbuka niliambiwa nisiguse, lakini nikaona hilo ni agizo la mtu ambaye hajui amekosea. Nikasimamisha kunakili, nikachomoa, nikachomeka kwenye tundu jipya, nikaanza upya. Basi la asubuhi likapita. Ndani ya dakika kumi nilikuwa mlangoni na flashi ikiwa bado na joto, nikamnyooshea Anko Shija, ambaye ndiyo kwanza amekunja miguu.

"Tayari, anko."

Aliitazama. Hakuipokea mara moja. "Tayari?"

"Imejaa yote."

"Mama ndiye amekutuma uilete?"

Nilidhani ananisifu, na nilitaka sifa imfikie mama pia. "Ndiyo," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Ana kazi nyingi."

Ng'ambo, Mama Regina aliacha kupepeta. Shija aliipokea flashi, akaivaa shingoni, akajaribu kuinyoosha ile mistari ya pasi kwa kiganja. Shughuli ilikuwa imeisha. Hakuwa na sababu ya kuwa pale, na alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Aliniambia, "Msalimie," akaondoka kuelekea machimboni, polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kumwita. Mimi nilikuwa nimeshageuka kwenda kukitazama kioo kisicho na kibofu.

Baada ya muda mrefu mama akatoka na birika la maji ya kunawa, bakuli na taulo safi begani.

"Shija yuko wapi?"

"Ameondoka. Nilimalizia flashi yake kwa dakika kumi. Wewe ulikuwa umekosea tundu."

Alisimama na birika. Nakumbuka maji yakidondoka tone tone kutoka mdomoni mwake kwenye sakafu, na mama akiyatazama. Halafu akaniambia ninawe mimi. Tulikula yule jogoo wawili peke yetu. Nilikula mapaja yote mawili na sijawahi kula kuku mtamu kama yule, Mungu anisamehe.

Wiki ile ile ikasikika kwamba dhahabu imetoka kwa wingi upande mwingine wa nchi, na wachimbaji wakaondoka kama nzige, Jumanne ilipofika kambi ilikuwa na mbuzi tu. Shija aliondoka nao. Jumapili mama aliketi karibu na dirisha akajaza flashi za waliobaki. Kila moja kwenye tundu jipya. Hakunikaripia hata siku moja, na hilo ndilo lililonifanya nisijue kwa miaka kwamba nilifanya kitu.

Juzi barazani, kidole changu kikiwa juu ya kadi, nikamuuliza mama. Nilimuuliza kwa mzaha, kama kawaida yangu ninapoogopa jibu.

"Mama, hivi siku ile ya jogoo ulikosea tundu, au?"

Alikuwa anachambua choroko. Hakuinua uso. "Nani amekosea? Nilikuwa napika wali na kuku wa kienyeji. Kuku wa kienyeji anaiva kwa dakika kumi?"

Nikaipangusa kadi vumbi.

"Nilipiga hesabu," akasema. "Flashi inaisha, chakula kinaiva. Mtu amekuta chakula kimeiva, huwezi kumwacha aende. Hata Mama Regina asingekuwa na neno. Anakula, na akiwa anakula anasema lililomleta."

"Ungemjibu nini?"

"Si nilikuwa nimeshachinja jogoo?" Akatupa kijiwe uani. "Kulwa alipita hapa wakati uko kidato cha pili, ukiwa bwenini. Tena huko ndiko pekee umewahi kwenda. Akaniambia, Mama Kabula, ulimkata mwenzetu vibaya. Nikamuuliza nimemkata lini. Akasema Shija aliwaambia hivi: 'Angetaka nikae angeniweka tundu la zamani. Ameniweka jipya, ametuma na mtoto aniletee mlangoni. Nimeelewa.'"

"Hukumweleza Kulwa?"

"Nilimweleza. Alicheka, unamjua. Akasema mwenzake ameshaoa huko, ana watoto watatu." Aliinua ungo, akaupepeta mara mbili. "Nikampa michembe akaenda."

Nilitaka kusema samahani, lakini neno hilo lina wakati wake, na mimi niliupitiliza kwa miaka zaidi ya ishirini nikiwa nimekaa hapo hapo. Mama akaniona. Akasema, "Usianze kulia, Kabula. Ukilia kwa sauti yako ile Mama Regina atavuka, na siku hizi magoti yake hayawezi barabara."

Alasiri yule wa mkokoteni akarudi. Mama alisema nimpe boksi, ila kadi niitoe. Nikamwambia naweza kuitoa kadi, lakini yale matundu mawili ya zamani hayatoki, yameungwa kwenye ubao wenyewe. Alifikiri kidogo. "Basi yaende," akasema. Nikaing'oa kadi, na yule bwana akalipakia boksi juu ya masufuria yaliyotoboka na fremu ya baiskeli, akafunga kamba. Nilimtazama hadi akakata kona, kisha nikarudi kwenye kazi yangu, ambayo ni kuwachapia watu wengine barua za kuomba kazi za mbali.

Mama akaja nyuma yangu na flashi ya redio yake. "Niwekee nyimbo za misa. Hizi nimezimaliza."

Nilimwangalia kuona kama ananitania. Uso wake ulikuwa umechoka tu, uso wa kila siku. Nikachomeka flashi kwenye laptopu yangu, nikaanza kunakili. Ikamaliza kabla hajapata mahali pa kuweka fimbo yake ya kutembelea.

"Tayari?" akauliza.

"Bado."

Akavuta kigoda. Tukakaa. Barabarani walipita vijana wawili na sururu, wakatoa shikamoo, mama akaitikia. Niliingia ndani nikatoka na sahani ya karanga, nikaiweka katikati yetu.

"Imefika wapi?" akauliza baada ya muda.

Nikainama kwenye kioo kitupu. "Robo."

"Hiyo yako nayo imezeeka."

"Imezeeka, mama."

Akachukua karanga moja, akaimenya taratibu. "Usiiharakishe basi," akasema.